Kuuzisha apareyi ya picha ya okazyo: mambo ya kusema mbele ya kupokea makuta

Ukiingia katika grupe za WhatsApp za wapiga picha wa Goma, tangazo linafanana karibu kila siku. « Canon iko safi sana, haina shida, mwenye anataka aje pembeni. » Chini yake kuna picha mbili. Mara nyingine moja ndiyo ya apareyi yenyewe, ingine imetolewa kwa intaneti. Bei haiandikwe. Ndani ya dakika kumi watu wanne wameuliza « bei ya mwisho? », mmoja ameandika « nachukua », na mazungumzo yanahamia pembeni, fasi wengine hawaone tena.

Nyuma ya siku tatu grupe inawaka moto. Aliyenunua anatuma sauti ndefu akisema apareyi imekufa katikati ya ndoa ya watu. Aliyeuzisha anajibu kwamba waliijaribu pamoja na ilikuwa inapiga. Wengine wanachagua upande, matusi yanaingia, admini anawatoa wote wawili. Makuta hayarudi.

Tumechagua kuelezea jambo hili kwa sababu haliko mchezo wa wapenda picha tu. Kwa vijana wengi wa hapa mjini apareyi ndiyo jembe. Ndoa, birthday, kolasyo za wanafunzi, picha za mashirika: kazi zote hizo zinapita ndani yake. Goma imetoa majina makubwa katika picha, kwa mfano Pamela Tulizo, aliyepata zawadi ya Dior ya vijana wapiga picha mwaka wa 2020. Lakini kijana mwenye anaanza leo hana njia ya kununua kitu kipya. Anakusanya dola kidogo kidogo, anakopa kwa yaya wake, kisha ananunua okazyo. Ikiwa ile okazyo ni mbovu, hana ya pili.

Tangu vita ilifika mjini, mambo yamekuwa magumu zaidi. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma. Kiwanja cha ndege kikasimama, benki zikafunga milango, cash ikawa kidogo. Watu wenye walikuwa na vitu vya thamani wakaanza kuviuzisha kusudi wapate chakula na pesa ya nyumba, na apareyi za picha ni kati ya vitu hivyo. Kwa hiyo katika biashara moja mara nyingi wanakutana watu wawili wenye shida: mwenye anatoa chombo chake cha kazi juu ya njaa, na mwenye anatoa akiba yake yote kusudi aanze kazi. Hapo uongo mdogo unaumiza sana.

Mmoja anajua, mwingine hajue

Shida ya okazyo yoyote, iwe pikipiki, telefone ao apareyi, ni moja: mwenye anauzisha ameishi nayo, mwenye ananunua anaiona mara ya kwanza. Yule wa kwanza anajua kwamba ilianguka mwaka jana. Yule wa pili anaona rangi nyeusi yenye kung'aa.

Kuna mwalimu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka wa 1970, akichukua mfano wa magari ya okazyo. Mwaka wa 2001 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mawazo yake si magumu. Wanunuzi wakishindwa kutofautisha gari nzuri na gari mbovu, wanakataa kulipa bei ya nzuri, maana wanaogopa. Mwenye gari nzuri anaona bei ni ndogo, anaondoka sokoni na gari yake. Zinabaki mbovu. Bei inashuka tena, na wazuri wengine wanaondoka.

Sasa angalia grupe zetu. Mtu mwenye ametunza Nikon yake miaka mitano anaweka bei ya haki, na watu wanamujibu « hapana mukubwa, hizo ziko zinakufa, punguza nusu ». Hawamtukane yeye. Wanalipiza yale walifanyiwa na mwingine. Mwenye alidanganya mwezi uliopita alikamata pesa ya mtu mmoja, lakini alishusha bei ya apareyi ya kila mtu mwenye yuko ndani ya grupe. Ndiyo maana jambo la adabu katika kuuzisha haliko tabia nzuri tu ya mtu na nafsi yake, linagusa mfuko wa wote.

Watu wenye wanapenda vitu vya okazyo fasi zingine za dunia wamekutana na shida hiyo hiyo. Wale wanaokusanya kalamu za wino za zamani, kwa mfano, wanajua kwamba ncha ya kalamu yenye imesuguliwa upya inaweza kuonekana kama nzima kwenye picha. Kati yao, mwenye anauzisha anatazamiwa kusema mwenyewe kwamba ncha iliguswa, hata kama hakuna mtu ameuliza. Apareyi nayo iko na mambo kama hayo, na hapa kwetu ni mengi kuliko mahali pengine.

Mambo yenye hayaonekane kwenye picha ya tangazo

La kwanza ni hesabu ya kliki. Ndani ya apareyi kubwa kuna pazia dogo lenye kufunguka na kujifunga kila unapopiga picha. Linachoka kama kiatu. Kampuni zenyewe zinatoa kipimo: Canon 80D ilipimwa kwa kliki 100.000, Canon 5D Mark III kwa 150.000, Nikon D850 kwa 200.000. Haimaanishe kwamba ikifika hapo inakufa siku hiyo, kuna zenye zinaenda mbali zaidi na kuna zenye zinakufa mbele. Lakini ni kama kilomita za gari. Mpiga picha wa ndoa anaweza kupiga picha 2.000 kwa siku moja. Akifanya ndoa moja kila posho, mwaka mmoja unatosha kwa kufikia 100.000. Kwa hiyo « nimeitumia mwaka moja tu » haisemi kitu.

Kwa Nikon ni rahisi kujua, maana hesabu inaandikwa ndani ya kila picha, na kuna programu za bure zenye kuisoma. Kwa Canon nyingi haiandikwe ndani ya picha, inaomba programu maalum na kamba ya kompyuta. Hapa kuna mtego wa WhatsApp: ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza na kufuta habari zote za ndani. Mnunuzi akiisoma hataona kitu. Itume kama dokima, hapo habari zinabaki. Mtu mwenye anakataa kutuma picha moja kama dokima, akisema mega zimeisha, huku anatuma video tano, mimi ningemwacha.

La pili ni vumbi. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, na barabara nyingi ni vumbi jeusi lenye ukali. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na wenye walikuwa hapa wanakumbuka vile majivu yaliingia mpaka ndani ya kabati. Vumbi hilo likiingia ndani ya objektifu, linasugua. Unazungusha pete ya kukaribisha picha na unasikia kama mchanga kwenye meno. Likifika kwenye kapteri, kile kioo cha ndani chenye kupokea mwanga, linaacha madoa. Njia ya kuyaona: funga tundu la mwanga mpaka f/16, piga picha ya mbingu ao ya ukuta mweupe, kisha ikuze. Madoa yatatokea kama nzi. Mengine yanasafishwa kwa dakika kumi na mtu mwenye kujua, kwa hiyo si kosa kubwa. Kosa ni kuyaficha, ao kumwachia mwingine aje aingize kitambaa cha shati mule.

La tatu ni kuvu, na hili ndilo wengi hawalijue. Goma iko kando ya ziwa, mvua ni nyingi, na apareyi inalala ndani ya mufuko wake miezi. Kuvu inaota ndani ya objektifu, kati ya kioo na kioo, kama nyuzi za buibui. Kwa macho tu hauione. Toa objektifu, ifungue tundu yote, washa taa ya telefone upande moja na uchungulie upande mwingine. Kuvu ikianza kidogo picha zinatoka vizuri bado, na ndiyo sababu mwenye anauzisha anajisemea kwamba si uongo. Lakini inaendelea kukua, na ikikomaa inakula rangi ya kioo, hapo hata fundi hawezi tena.

Batri inastahili neno moja: aseme kama ni ya kampuni ao ya kuiga, na inamaliza picha ngapi siku hizi. Wote tunajua mambo ya umeme hapa.

Na kuanguka. Kuanguka kunasemwa. Kufunguliwa na fundi kunasemwa pia, na jina la kitu alichobadilisha.

Mtu anaweza kuuliza: nikisema yote hayo, nani atanunua? Ananunua mtu mwenye kazi yake haiombi kile kitu kiharibifu. Apareyi yenye flashi yake imekufa haina shida kwa mwenye anapiga muchana nje. Yenye madoa kidogo inamfaa mwanafunzi. Bei inashuka, ndiyo, lakini inashuka mara moja, na haurudishiwe kitu usiku na watu wanne kwenye mlango.

Bei, foleni na avansi

Hapa watu wanafuata desturi, na grupe zenye amani ni zile zenye zimeiandika juu kabisa kusudi kila mtu aione.

Andika bei. « Njoo pembeni » inamruhusu muuzishaji kutaja 350 kwa mmoja na 450 kwa mwingine, kulingana na vile anaona mtu amevaa kwenye picha yake ya profili. Ukiandika bei wazi, unaweza bado kupunguza, hakuna mwenye anakukataza, lakini kila mtu ameanzia fasi moja. Taja pia kama ni dola ao franka, na kama ni franka, dola inahesabiwa kwa ngapi siku hiyo. Ugomvi mwingi sana unatoka hapo. Na kama unakataa noti yenye imepasuka pembeni kidogo, sema mapema, usingoje mtu ashuke moto kutoka Ndosho ndiyo umurudishe.

Neno lenyewe « kuuza » linaleta fujo. Hapa kwetu wengi wakisema « nauza Nikon » wanataka kusema wanaitafuta wainunue, na kwa kuitoa wanasema « nauzisha ». Mtanzania ao Mkenya mwenye yuko ndani ya grupe ataelewa kinyume. Tumekwisha kuona watu wawili wakibishana bei mpaka mwisho, kumbe wote wawili wanataka kununua.

Mwenye ameandika « nachukua » wa kwanza, kwa bei yenye imeandikwa, ndiye wa kwanza. Mtu akitokea nyuma na dola 30 za zaidi, haki ni kumwambia kwamba kuna mtu. Lakini wa kwanza naye hana haki ya kulala juu ya kitu siku sita akisema « kesho yaya ». Masaa 24 ao avansi, ni desturi nzuri. Na avansi inaandikwa: ni ngapi, inarudi ao hairudi mnunuzi akibadilisha mawazo, na mpaka siku gani. Kwa mawazo yangu, kama ni muuzishaji mwenye amebadilisha mawazo, avansi inarudi yote, pamoja na pesa ya kutolea kwenye M-Pesa ao Airtel Money. Wakati benki zilifungwa na cash ikapotea, kutoa pesa kulikuwa na bei kubwa, na watu wengi waligundua kwamba « nimekurudishia yote » haikuwa yote.

Jambo lingine ni wale wenye wanaingia chini ya tangazo la mtu na kuandika « hii ni bei ya juu, mimi niko nayo ya 200, kuja pembeni ». Hata kama ni kweli, ni kuharibia mwenzako soko mbele ya macho yake. Weka tangazo lako. Lakini mtu akiona uongo, kwa mfano anajua ile apareyi ilizama ziwani, kuongea ni haki yake. Amwandikie kwanza muuzishaji pembeni, amupe nafasi ya kusahihisha, kisha kama hataki aseme mbele ya wote.

Komisyoneri hatutawasahau. Ni kazi, na mutu anakula na kazi yake. Shida inaanza akijifanya mwenye kitu. Hajue kama ilianguka, hajue kliki, anajibu « iko safi » kwa kila swali. Aseme tu: « niko komisyoneri, mwenyewe yuko, nitakuunganisha. » Mnunuzi ataamua.

Na kitu kikienda Bukavu kwa boti, ni vizuri kukubaliana mbele nani anabeba hatari ya njiani. Piga video ukiifunga, ionekane inapiga picha, namba yake ya chini ionekane. Video ya dakika mbili imezima kesi nyingi.

Sheria inasema nini

Wengi wanafikiri kwamba okazyo ikishaondoka mkononi, imeisha. Haiko hivyo. Dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, yenye bado ndiyo musingi wa mikataba katika Congo, inamuomba mwenye anauzisha aeleze wazi kile anachojifungia, na inamfanya ajibu kwa kasoro za kufichika. Kasoro yenye mnunuzi angeiona mwenyewe kwa macho yake, kama kioo chenye kupasuka, haimo. Kuvu ya ndani imo. Kasoro ikithibitishwa, mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa bei, ao akibakize na kurudishiwa sehemu ya bei. Na kama muuzishaji alikuwa anaijua, anaweza kulipishwa hata hasara yenye ilitokea. Lakini mnunuzi hapaswi kungoja, inamuomba alalamike kwa haraka.

Maneno « nauzisha vile iko » yanalinda mtu mwenye hakujua. Hayamulinde mwenye alijua na akanyamaza. Kwa kweli mambo ya dola 300 hayafike mara nyingi tribinali, yanamalizwa na wakubwa ao na admini. Ni vizuri hao admini wajue kwamba, wakimwambia mtu arudishe nusu, hawazushi kitu.

Kitu cha wizi, na picha zenye zilibaki ndani

Wakati wa mapigano ya mwezi wa kwanza 2025, nyumba na depo nyingi ziliporwa. Vitu hivyo havikuyeyuka. Apareyi nzuri yenye inauzishwa nusu ya bei, bila chaja, bila mufuko, na mwenye haweze kueleza aliipata wapi, inaomba maswali. Kupokea kitu huku unajua ni cha wizi ni kosa katika sheria ya adhabu ya Congo, hata kama wewe hukuiba. Omba namba ya seri, ile ya chini ya apareyi, na muulize grupe mbele ya kulipa. Na wewe mwenye uliibiwa: kama haukuandika namba yako popote, chukua picha za zamani zenye haukuzipitisha WhatsApp. Canon na Nikon nyingi zinaandika namba ya seri ndani ya picha. Unaweza kuipata kwa kompyuta.

Kuna jambo moja lenye, kwa mji kama wetu, ni kubwa kuliko bei. Watu wanauzisha apareyi pamoja na kadi ya memori, kama zawadi, na kadi ina picha. Harusi za watu, watoto, wakimbizi wa kambi waliokubali kupigwa kwa masharti kwamba sura yao haitatoka, mikutano, wanawake waliosimulia mambo mazito. Mpiga picha aliahidi, mnunuzi hakuahidi kitu. Siku hizi picha moja ya mtu kwenye mkutano fulani inaweza kumletea shida yenye hakuna dola itairudisha.

Kufuta hakutoshe. Hata kuformata ndani ya apareyi mara nyingi kunafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki chini yake, na programu za bure zinazirudisha ndani ya saa moja. Kama ni lazima utoe kadi, iformate, kisha iweke apareyi ipige video ya ukuta mpaka kadi ijae kabisa, halafu iformate tena. Hapo cha zamani kimefunikwa. Na mnunuzi mwenye anakuta picha za wengine ndani ya kitu alichonunua, adabu ni kumpigia aliyemuuzishia, kutozifungua moja moja, na kutozitumia mtu yeyote hata kwa kucheka.

Njia fupi zaidi ni kubaki na kadi yako. Kadi ya gigabaiti 32 ni kitu cha dola chache, na mnunuzi atapata ingine Birere.